Dakika 20 Chini ya Koki

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za mchana huu. Asanteni kwa kunipa nafasi ya kusimama mbele ya wapishi, wazazi na walezi, watu ambao mikono yao iko karibu na moto kila siku iendayo kwa Mungu.

Kabla sijaingia kwenye mada, naomba kijana mmoja aje hapa mbele. Njoo, mwanangu, wewe wa safu ya kwanza. Kunja mkono wa shati mpaka kwenye kiwiko. Hii ni ndoo ya lita 20 yenye koki. Imejaa maji ya kawaida, hayakutoka kwenye friji wala hayakutiwa kitu. Chini yake nimetega beseni safi. Weka mgongo wa mkono wako hapa chini ya koki, nami nafungua maji yatiririke taratibu, mkondo wa unene wa penseli. Vizuri. Usiutoe mkono mpaka nikuambie. Ninyi wengine tazameni saa zenu: sasa ni saa 9 na dakika 10. Mimi nitazungumza, yeye atabaki kwenye maji, na tutamaliza pamoja.

Mimi ni muuguzi. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita katika chumba cha kufungia vidonda, na nikiulizwa vidonda vya moto hutoka wapi, jibu langu ni fupi: jikoni. Ni mvuke uliotoka mfuniko ulipofunuliwa. Ni tone la mafuta lililoruka. Ni kikombe cha chai alichokivuta mtoto kutoka mezani, au mpini wa sufuria ulioshikwa bila kitambaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 180,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuungua, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na linasema wanawake na watoto huumia zaidi jikoni kwao. Vifo hivyo vina hotuba yake. Leo nataka tuzungumzie kile kidole, kile kiganja, kile kipande cha mkono ambacho mtu anaungua jioni, anajitibu mwenyewe, anaendelea kupika. Mara nyingi mimi hukutana nacho siku ya tatu, kimeshaharibika, na kilichokiharibu si moto peke yake.

Nianze na mtoto mmoja. Alikuwa na miaka 5. Aligusa ukingo wa kikaango kilichoepuliwa muda uleule, kikamuunguza vidole vinne na sehemu ya kiganja. Alipoletwa kwangu kesho yake, mkono ulikuwa mweupe kama umepakwa chokaa. Ilikuwa dawa ya meno. Imekauka, imepasukapasuka kama tope la kiangazi, na katikati ya vidole imegandamana hata mtoto hawezi kuvitanua. Kidonda sikukiona. Ili nikione ilibidi niloweke ule mkono kwenye maji vuguvugu, nilainishe, nipanguse kwa gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, kidogo kidogo, huku mtoto akilia na mama yake amemkumbatia kichwa kifuani. Kazi hiyo ilituchukua karibu dakika 40. Pale dawa ya meno ilipong'ang'ania, ilibanduka na ngozi ya lengelenge. Jeraha lililokuwa limejifunika kwa ngozi yake lenyewe likabaki wazi, jekundu, linachuruzika maji.

Mama yule aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Dada, nilimpaka palepale. Hata sekunde 10 hazikupita." Aliyasema kwa sauti ya mtu aliyetimiza wajibu wake. Nikamuuliza bomba liko wapi nyumbani kwake. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kando ya jiko." Nikamwambia, mama, mbio zako zilikuwa za haki, ulipokimbilia ndipo hapakuwa penyewe.

Wahenga walitufundisha kwamba haraka haraka haina baraka. Mtu akiungua, haraka ya kufika kwenye maji ina baraka tele. Haraka ya kupaka ndiyo isiyo nayo.

Kwa nini maji? Kila mpishi anajua kwamba sufuria ikiepuliwa haiachi kutokota papo hapo. Moto umebaki jikoni, lakini joto limo ndani ya sufuria, na chakula kinaendelea kuiva. Ngozi nayo ni hivyohivyo. Ukishautoa mkono kwenye mvuke, joto lililokwisha kuingia linaendelea kuteremka, kutoka ngozi ya juu kwenda ngozi ya ndani, yenye mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Mtu anasema "nimeungua", kana kwamba jambo limekwisha. Bado anaungua.

Mwaka 1947 watafiti wawili wa Marekani, Moritz na Henriques, walichapisha vipimo vinavyoonyesha jinsi joto na muda vinavyofanya kazi pamoja. Kitu chenye joto la nyuzi 44 za Selsiasi huhitaji kukaa juu ya ngozi kwa muda wa saa 6 hivi ndipo kiiunguze. Kikiwa na nyuzi 60, ni sekunde chache tu. Kikiwa na nyuzi 70, sekunde 1 inatosha. Sasa fikirieni maji yanayochemka, nyuzi 100, na mafuta ya kukaangia, ambayo mara nyingi hufika kati ya nyuzi 170 na 190 na yakishagusa ngozi hunata badala ya kutiririka. Ngozi ya mtoto mdogo ni nyembamba kuliko yetu, kwa hiyo kwake hata muda huo unapungua.

Miaka 6 baadaye, mwaka 1953, daktari wa upasuaji Douglas Jackson, aliyekuwa Birmingham huko Uingereza, alieleza kwamba kidonda cha moto kina maeneo matatu. Naomba myaone kama pete zilizozungukana. Ya katikati kabisa imekufa, hairudi. Ya nje kabisa imewiva nyekundu tu, na karibu kila mara itapona. Baina yao kuna pete nyingine: ngozi yake haijafa, lakini damu ndani yake inasuasua. Hiyo ndiyo tunayoigombea. Inaweza kurudi na inaweza kufa, na njia itakayoshika inategemea sana kilichofanyika mwanzoni. Maji yanapolitoa joto, yanaipa pete hiyo nafasi ya kuishi. Ikifa, kidonda kilichokuwa cha ukubwa wa shilingi kinakuwa cha ukubwa wa kifuniko cha chupa, tena chenye kina zaidi, na kovu lake ni la maisha.

Mwanangu, hujambo huko? Ni dakika ya ngapi? Ya 7. Anasema mkono umepoa na angependa kuutoa. Mmemsikia. Na huyu hakuungua, wala hakuna sufuria inayomsubiri, wala mtoto anayemlilia mgongoni. Dakika 20 ni ndefu kuliko tunavyodhani tunapozitaja. Wengi hutoa mkono dakika ya 2, maumivu yakishatulia. Baada ya muda mfupi maumivu yanarudi, ndipo wanaposema maji hayasaidii, wanaanza kutafuta cha kupaka. Maji yalikuwa yakisaidia. Yalikatizwa kazi. Vumilia, mwanangu.

Basi tuyaseme maji yenyewe vizuri. Yawe safi, ya baridi ya kawaida kama yanavyotoka bombani au kwenye ndoo iliyokaa kivulini. Yatiririke ikiwezekana, kwa sababu maji yaliyopokea joto yanaondoka na mapya yanafika. Mtu ataniambia, muuguzi, sisi bomba hatuna, maji ni ya kuhesabu. Ndiyo maana nimekuja na ndoo. Kwa mkondo huu, lita 20 zinatosha dakika 20, na zikielekea kwisha, yaliyodondokea kwenye beseni safi yanarudishwa juu. Una jagi? Mwagia, kinga kwa beseni, mwagia tena. Una lita 3 tu? Zitie kwenye bakuli, chovya mkono, uchezeshe taratibu. Mahali pasipochovyeka, kama begani au shavuni, weka kitambaa safi kilicholowa, na ukibadilishe kila baada ya dakika 1 au 2, maana kitambaa nacho kinapata joto kikalirudisha kwenye ngozi. Na aliyechelewa asikate tamaa: hata ndani ya saa 3 tangu kuungua, dakika hizo 20 bado zina faida.

Mkono ukiwa kwenye maji, vua pete, saa, bangili, chochote kinachobana, kabla uvimbe haujafika. Nimewahi kukata pete ya ndoa kwenye kidole kilichovimba, na mwenyewe alikuwa akililia vyote viwili, kidole na pete. Nguo iliyolowa maji ya moto ivuliwe mara moja, pamoja na nepi ya mtoto, kwa kuwa inashikilia joto mwilini. Ila iliyogandamana na ngozi usiivute. Mwagia maji juu yake, uiache hivyo mpaka hospitali. Na mtoto mdogo apozwe palipoungua tu, mwili mwingine ufunikwe asishikwe na baridi kali.

Sasa tufungue kabati.

Dawa ya meno ndiyo inayonipa kazi kuliko vyote. Watu huniambia, "Lakini inapoza, nasikia ubaridi kabisa." Ni kweli mnausikia, siwakatalii. Dawa nyingi za meno zina mentoli, kitu cha mnanaa, na mentoli huamsha mishipa ileile ya fahamu inayoamshwa na ubaridi. Mishipa inapeleka habari kwenye ubongo kwamba hapa pamepoa, na ubongo unaamini. Lakini habari hiyo si ya kweli, kwa sababu mentoli haiondoi joto lililo ndani ya ngozi. Mtu anatulia, anaacha maji, na chini ya ule weupe ngozi inaendelea kuiva. Zaidi ya hapo, dawa ya meno ina sabuni na chembe za kung'arishia zilizotengenezwa kwa ajili ya jino, kitu kigumu. Ngozi iliyobabuka haiziwezi.

Siagi na mafuta ya kupikia yanatanda juu ya ngozi. Mpishi asiyetaka chakula kipoe hufanya nini? Hufunika. Ndivyo tunavyoufanya mkono.

Ute wa yai bichi unaweza kubeba bakteria wa salmonela, nasi tunaupaka mahali ambapo ngozi, ukuta wetu wa kwanza, imebomoka. Unga huganda ukawa donge. Chumvi, kahawa, majivu, udongo: tafadhali sana, hapana. Dawa za rangi, kama ile ya zambarau, zinafunika sura ya kidonda, na daktari husoma kina cha kidonda kwa rangi yake.

Barafu ina wapenzi wengi, nami nilikuwa mmoja wao. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliungua ncha ya kidole cha shahada kwa mvuke wa birika. Nikatoa kipande cha barafu, nikakibana kwa nguvu mpaka kidole kikafa ganzi, nikaona nimefanya la maana. Ganzi ilipotoka, ncha ilikuwa nyeupe kama nta, na asubuhi lengelenge lilikuwa limeenea kupita mahali nilipoungua. Kumbukeni ile pete ya kati, ambayo damu yake inasuasua. Barafu huifanya mishipa midogo ya damu ijikaze. Kile kidogo kilichokuwa kikifika pale, nilikikatia njia. Na barafu ikikaa juu ya ngozi, nayo inaunguza kwa ubaridi wake.

Msidhani nawadharau waliotupaka. Bibi yangu alinipaka siagi, mkono ukapona, na mpaka naingia chuo cha uuguzi niliamini ni siagi iliyouponya. Nilipokuja kufikiri vizuri niliona mambo mawili. La kwanza, hewa ikigusa ngozi iliyobabuka inauma, hivyo ukifunika kwa kitu chochote, maumivu hupungua. La pili, kuungua kwa ngozi ya juu peke yake hupona kwenyewe ndani ya wiki 1 hivi, upake usipake. Kilichopakwa kinapewa sifa, na sifa inarithiwa, kutoka kwa bibi kwenda kwa mama, kutoka kwa mama kwenda kwa mjukuu. Bibi alitoa alichokuwa nacho kwa mapenzi. Lakini maji nayo yana wazee wake: Al-Razi, tabibu mkubwa wa Uajemi aliyeishi katika karne ya 9 na ya 10, alishauri maji baridi kwa maumivu ya kuungua. Ushauri wa maji ni wa kale kuliko tyubu yoyote ya dawa ya meno.

Asali nitaitendea haki, maana ina haki yake. Tafiti zilizolinganisha zimeonyesha kwamba vidonda vya moto vya kina cha wastani vilivyofungwa kwa asali vilipona siku kadhaa mapema kuliko vilivyofungwa kwa bandeji za kawaida. Sukari yake nyingi huwanyang'anya bakteria maji, na uchachu wake hauwafai. Lakini asali hiyo ni ya tiba, imeuawa vijidudu kwa mionzi, na imefungwa na mhudumu baada ya kidonda kupozwa na kuoshwa. Asali ya kwenye chupa yetu ya jikoni inaweza kuwa na mbegu za bakteria, na ndiyo sababu mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 halambishwi asali. Kwa hiyo isikimbiliwe dakika ya kwanza, na nyumbani isiwekwe kwenye kidonda kilicho wazi.

Mshubiri, ambao wengi mnauita alovera, nao naukubali kwa masharti. Ule ute wa ndani, unaong'aa, hutuliza ngozi iliyokuwa nyekundu tu, bila malengelenge, baada ya maji. Ukikata jani lisimamishe lichuruzike utomvu wa manjano, kisha lioshe, kwa kuwa utomvu huo unawasha.

Dakika ya 14. Nani amechoka kumtazama? Yeye ndiye mwenye haki ya kuchoka.

Maji yakimaliza kazi, kausha kwa kugusagusa na kitambaa safi, kisha nenda mahali penye mwanga ukatazame. Ikiwa ngozi ni nyekundu, kavu, inauma, na haina lengelenge, hiyo ni ya nyumbani. Paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato, kidogo, mara 2 au 3 kwa siku. Najua mtaniuliza: si umetukataza mafuta? Nimeyakataza wakati joto bado limo ndani. Likishatoka hakuna cha kufungiwa, na ngozi inayojijenga hupenda unyevu kuliko ukavu.

Kukiwa na lengelenge dogo, liache. Yale maji ya ndani ni safi, na ile ngozi ya juu ni bandeji ambayo hakuna duka linaloiuza. Sindano ya kushonea, pini, kucha, vyote viwe mbali. Likipasuka lenyewe, osha kwa maji na sabuni laini, funika kwa gozi isiyong'ang'ania kidonda. Kama huna, ile nailoni nyembamba ya kufunikia chakula inafaa kwa muda, na unaona kidonda bila kukifunua. Tupa mzunguko wa kwanza wa rola, kata kipande, kilaze juu. Usikizungushe mkono mzima, kwa sababu utavimba na nailoni itabana. Pamba usiweke kabisa. Nyuzi zake huingia kwenye jeraha, kuzitoa ni mateso.

Maumivu yanatulizwa na parasetamoli. Mtu mzima humeza miligramu 500 hadi 1,000 kila baada ya saa 4 hadi 6, bila kuzidi gramu 4 kwa siku nzima. Kipimo cha mtoto huenda kwa uzito wake, kwa hiyo someni pakiti au muulizeni mfamasia. Aspirini asipewe mtoto wa chini ya miaka 16. Na kama chanjo ya pepopunda ni ya zamani au hukumbuki ulichanja lini, pita kliniki, hata kama kidonda ni kidogo.

Hapa nataka mnisikilize kuliko pote. Kuna kuungua ambako si kwa nyumbani, na alama yake inawadanganya watu wengi. Wanafikiri kinachouma sana ndicho kibaya sana. Kumbe moto ukiingia chini, unaua mishipa ya fahamu yenyewe. Ngozi inakuwa nyeupe, au ya kahawia, au nyeusi, kavu na ngumu kama ngozi ya kiatu, na ukiigusa mgonjwa hasikii. Nimeona mtu akikaa nacho nyumbani siku 4 akimshukuru Mungu kwamba hakimuumi. Kidonda cha moto kisichouma ndicho cha kuogopwa. Baada ya maji, moja kwa moja hospitali.

Twende pia hospitali, kwa ukubwa wowote, ikiwa palipoungua ni usoni, kwenye kiganja, kwenye nyayo, kwenye kiungo kinachokunja, au sehemu za siri, au kama kumezunguka mkono au mguu mzima kama bangili. Vilevile ikiwa aliyeungua ni mtoto mdogo, mzee, mjamzito, au mtu mwenye kisukari. Kuungua kwa umeme au kemikali ni hivyohivyo, kwa kuwa umeme unaacha alama ndogo juu na madhara makubwa ndani. Kwa ukubwa, chukueni kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake: hicho ni kama asilimia 1 ya ngozi ya mwili wake. Malengelenge yakizidi hapo, msibaki nyumbani. Na siku zinazofuata, wekundu ukitambaa nje ya kidonda, usaha ukitoka, harufu ikibadilika au homa ikipanda, njooni bila kusubiri.

Nina dakika chache, nizitumie kwa watoto. Geuzeni mipini ya sufuria ielekee ukutani. Kama jiko lina sehemu ya mbele na ya nyuma, pikieni kwenye ile ya nyuma. Usimpakate mtoto huku umeshika kikombe cha moto. Chai iliyomiminwa inaweza kumuunguza mtoto hata baada ya robo saa. Maziwa ya mtoto msiyapashe kwenye maikrowevu, maana hupata moto upande mmoja yakawa vuguvugu upande mwingine, na chupa ukiishika haikuambii. Unapofunua sufuria, anza na upande ulio mbali nawe, mvuke uende huko. Mafuta yakishika moto, zima jiko, funika kwa mfuniko, uache mpaka yapoe kabisa. Maji yasimwagwe kamwe kwenye mafuta yanayowaka: yanageuka mvuke papo hapo, mvuke ambao ujazo wake ni kama mara 1,700 ya maji yenyewe, na unayarusha mafuta yale usoni kwako na juu darini.

Na kitu cha mwisho ninachowaomba. Leo mkifika nyumbani, simameni jikoni pale mnaposimama kila siku mkipika, mhesabu hatua hadi kwenye maji. Ikiwa njiani kuna kiti, kiondoeni. Ikiwa ndoo huwa tupu jioni, ijazwe kabla jiko halijawashwa. Watoto wanaojua kusema waambieni neno moja, "maji", na waonyesheni mahali pake.

Saa 9 na nusu. Zimetimia. Funga koki, mwanangu, uinue mkono watu wauone. Tazameni ngozi ya vidole ilivyojikunyata, na beseni lilivyojaa. Chukua taulo hii. Kwa kugusagusa, usisugue.